Mama Mkwe na Protini Zangu

Kazi yangu ni kulisha seli za saratani ya shingo ya kizazi. Zimo kwenye vichupa, ndani ya kabati lenye joto la mwili, nami nazihudumia kama yaya wa watoto wa tajiri. Maabara yetu inachunguza protini zinazowasha na kuzima jeni. Ukoo wa mke wangu uliambulia neno moja tu, "kizazi", wakanibandika jina la Daktari wa Akina Mama. Nilikanusha, ila kwa sauti ndogo sana.

Siku moja mama mkwe akaja kwetu, akamtuma mke wangu jikoni, kisha akasema huku akilitazama zulia:

"Baba, hedhi iliniaga zamani. Sasa naona damu tena. Ni nini?"

Badala ya jibu, nikatoa mhadhara.

"Mama, kila seli ina protini inayoamuru jeni za breki ziwake, seli isigawanyike ovyo. Kuna virusi vinavyoingia kwenye shingo ya kizazi, vikaiharibu protini hiyo..."

Nilichora hadi miduara mezani kwa kidole. Alinisikiliza kwa adabu mpaka nikaishiwa pumzi.

"Nimekuelewa, breki zimekatika. Sasa mimi niende wapi?"

Nikaanza kuchora mduara mwingine. Mke wangu akajibu kutoka mlangoni, "Kliniki, mama. Kesho. Na huyu bingwa wako atatusindikiza."

Kule kliniki, muuguzi alianza kueleza jinsi watakavyokata kinyama kidogo wakakipime. Hakufika mbali. Mimi, mlezi wa mamilioni ya seli, nikadondoka puu! Nilipozinduka, mama mkwe alikuwa akinipepea kwa mtandio.

"Pole, baba. Kwani leo tumekuja kukupima wewe?"

Majibu yalipotoka, utani ulikwisha. Ilikuwa saratani, ila changa, haijasambaa. Niliporudi kazini nilivitazama vile vichupa nikavichukia.

Alifanyiwa upasuaji, akapona. Siku hizi huwakusanya majirani zake na kuwapeleka kupimwa, njiani akiwahubiria habari za breki. Hunilazimisha niende nao, eti nina utaalamu. Wao wakiingia ndani, mtaalamu hubaki kwenye benchi la nje, kichwa katikati ya magoti asizirai tena, kama muuguzi alivyoagiza.