Kitabu cha Mvua cha Baba

Binti yangu alinipigia simu akiwa bado kwenye benchi la kliniki. Ana mimba ya kwanza, miezi sita. "Mama, wamenipima, wanasema sukari imepanda. Daktari anauliza kama kwenu kuna mtu alikuwa na sukari, ndio ajue atanifuatilia aje. Nimwambie nini?"

Nikaanza kuhesabu wafu wetu. Mama yangu alikufa na mapafu. Baba alikufa usingizini, mzee wa kutembelea fimbo. Na nyanya, mama yake baba? Sijui. Tuliambiwa ni uzee. Enzi zile kila mwenye mvi alikufa na uzee, hata kama mwaka uliopita alikuwa anapanda mlima na mzigo wa kuni mgongoni, na hakuna aliyeuliza swali la pili. Hiyo inanichoma mpaka leo. "Mwambie angoje," nikamwambia mtoto. "Kwetu iliandikwa."

Wacha nikwambie, rafiki yangu, iliandikwa wapi. Baba alikuwa karani wa mvua. Usicheke. Kwenye shamba kubwa la chai ng'ambo ya mto kulikuwa na kipima mvua kilichozungushiwa waya, na kazi ya baba ilikuwa kukisoma kila siku saa tatu asubuhi na kujaza kitabu. Tarehe, kiasi cha mvua, halafu mwisho wa mstari safu moja pana iliyoandikwa juu "Maelezo". Hapo unaeleza kama kulikuwa na ukungu, kama kulinyesha mawe, kama umande uliganda. Ile kazi ikamwingia mwilini. Nyumbani akachimbia mkebe wa mafuta ya kupikia katikati ya uwanja, akanunua kitabu chake mwenyewe chenye jalada gumu, na kila asubuhi kabla ya kutoka akatumbukiza ndani rula yangu ya shule. Mwalimu alikuwa akiniuliza kama hiyo rula ninaoga nayo.

Sasa, kazini kulikuwa na msimamizi wa kukagua. Nyumbani hakukuwa na mtu. Baba, ambaye angeweza kushinda siku nzima bila kusema maneno kumi, akaanza kutuandika sisi kwenye safu ya maelezo. "Mawe saa tisa. Mtoto wa pili anakohoa." "Ukungu hadi saa nne. Ng'ombe mwekundu amezaa." Mara moja aliandika, "Mvua kidogo. Mama watoto hana furaha," na mama alipoiona alinuna wiki nzima, maana kama aliona hana furaha, si angeuliza? Vitabu vilipojaa alivipandisha juu ya moto, kwenye dari la jikoni tuliloita tabut, pamoja na mahindi ya mbegu na kuni kavu. Hapo vilikaa miaka na miaka vikila moshi.

Kwetu ni kwenye kilima juu ya Kaplong, na wakati wa utoto wangu mvua ilikuwa na adabu. Asubuhi jua linawaka, tunachuma chai vidole vikiwa vyeusi kwa utomvu. Saa sita wingu linainuka kutoka upande wa ziwa. Saa nane inashuka, na kama umeacha nguo kwenye kamba, shauri yako. Yaliponyesha mawe watu wazima walishika vichwa, maana majani ya chai yalitobolewa yote, lakini sisi watoto tulikimbia nje tukayaokota na kuyatafuna. Mwezi wa saba baridi ilikuwa inauma masikio, na hakuna aliyekuwa na sweta zaidi ya ile ya shule. Tulikula ugali wa wimbi na mboga ya sagaa iliyolazwa kwenye maziwa. Mursik, maziwa yetu ya kugandisha, ilitoka kwenye kibuyu kilichosuguliwa kwa mkaa, ukinywa unabaki na masharubu ya kijivu. Sukari ilikuwa ya wageni. Ilikaa kwenye mkebe juu kabisa ya kabati, na mama alijua idadi ya vijiko vilivyobaki, hivyo usijaribu.

Nyanya, tuliyemwita kogo, alikaa kwenye nyumba yake ndogo nyuma ya yetu. Alitembea kwenda soko la Kaplong na kurudi, miguu mitupu, na akifika bado alikuwa na nguvu za kutufokea. Halafu ukaja mwaka ambao mvua iligoma. Nilikuwa na miaka minane. Chai ilibadilika rangi ikawa kama tumbaku, mto ukawa mawe matupu, na nyanya akaanza kuwa na kiu. Nani angeshangaa? Kila mtu alikuwa na kiu. Watu walisema ni jua. Mvua iliporudi sisi wote tulisahau kiu, yeye akaendelea kunywa. Kisha macho yakaanza kumpotea. Kisha akajikwaa kwenye kisiki cha chai, kidole cha mguu kikapata kidonda, na kile kidonda kikakataa kupona. Haya nayakumbuka vipande vipande tu. Lakini baba alikuwepo kila asubuhi na kalamu yake, na nilijua akili yake. Angeandika.

Basi nikatoka Fort Ternan, nilikoolewa, huko chini kwenye miwa na joto, nikapanda kwenda kwetu. Chupa yangu ya maji iliisha kabla sijafika Kericho, nikanunua nyingine.

Nilimkuta ndugu yangu mdogo amekaa na jirani barazani wakibishana kuhusu mvua. Ndugu yangu anasema imebadilika, siku hizi inakuja wakati inataka na kuondoka wakati inataka. Jirani anasema tangu zamani ilikuwa hivyo hivyo. Wamebishana hivyo miaka mingapi sijui, na hakuna mmoja aliyewahi kuweka hata kikombe nje. Nilipouliza kama itanyesha tena leo, ndugu yangu akatoa simu. "Inasema jua, dada." Nilikuwa nimesimama mbele yake nimelowa mpaka viatuni!

Na mezani kuna nini? Mkate mweupe, siagi ya kopo, soda kwa ajili ya watoto. Kibuyu kimening'inizwa ukutani sebuleni kama pambo, kimepakwa vanishi. Vanishi! Jirani alipoinuka kuaga niliona amevaa kandambili na mguu mmoja umefungwa bandeji. "Ni sukari," akasema, kama mtu anayekutajia jina la mtoto wake. Siku hizi kanisani kwetu akina mama wanalinganisha dawa zao baada ya ibada, wewe unameza ngapi, mimi nameza ngapi. Wazee wetu hawakujua hata jina la ule ugonjwa. Sisi tunalijua jina na bado tunatia vijiko vinne kwenye chai.

"Nataka vitabu vya baba," nikasema.

Ndugu yangu akaangalia chini. "Dada, hiyo kitu itakuwa ilioza kitambo."

"Ikaoza? Ikae juu ya moto miaka yote hiyo ndio ioze leo?"

"Haikuwa juu ya moto. Si ni wewe ulisema itolewe?"

Ni kweli, nilikuwa nimejisahaulisha. Hapa ndipo naomba uninyamazie kidogo, rafiki yangu, maana bado nasikia aibu. Tulipomzika baba nilipanda kwenye tabut nikaviona vile vitabu, vyeusi kwa masizi, vinanuka moshi, na nikatoa hotuba mbele ya watu. Nikasema hii ni historia ya nyumba, mnawezaje kuikausha kama mahindi? Nikanunua sanduku la bati jipya, lenye kufuli, nikavipanga ndani kwa mikono yangu, tukaliweka kwenye stoo mpya ya mawe yenye sakafu ya simiti. Nilijiona msomi. Nikaondoka na ufunguo.

Ufunguo ulishanipotea, tukavunja kufuli. Sanduku lilikuwa limetoa jasho ndani kwa ndani, misimu yote ile ya mvua, kwenye sakafu ya baridi isiyopata moto. Vitabu vyote vilikuwa vimeshikana vikawa donge moja. Nilipojaribu kufungua, karatasi zilibaki vidoleni kama ugali usioiva. Wino ulikuwa umesambaa wote. Moshi niliouita uchafu ndio uliokuwa ukifukuza unyevu na wadudu, kila mama wa kilima hiki analijua hilo, ndiyo maana mbegu hukaa pale. Mimi nililijua nikiwa na miaka minane. Kusoma kwangu ndiko kulikonisahaulisha. Nilikaa kwenye ile simiti nikalia kwa hasira, na mtu wa kukasirikia alikuwa mimi.

Mke wa ndugu yangu alikuwa amesimama mlangoni na mwiko mkononi. "Pole, dada," akasema. "Lakini kuna kimoja kilibaki huko juu, kilikuwa kimeanguka nyuma ya kuni. Mimi huwashia nacho moto."

Nilikimbia, na magoti yangu haya. Jikoni la zamani bado lipo, wanapikia chakula cha ng'ombe na maji ya kuoga. Kitabu kilikuwa kando ya mafiga, nusu yake imeng'olewa, karatasi moja kila asubuhi. Nilimgeukia nimfokee, naye akaniambia kabla sijaanza, "Hakuna aliyeniambia ni cha nini. Ningejua, dada?" Nani angemwambia? Mimi niliondoka na ufunguo wa sanduku la vile vingine.

Karatasi zilizobaki zilikuwa za kahawia, ngumu, zinanuka moshi, na kila herufi inasomeka. Nilifungua nikamkuta baba. Ulikuwa ule mwaka mvua ilipogoma na ule uliofuata, na mama anayetajwa humo ni nyanya. "Hakuna mvua. Mama anaomba maji sana." Hakuna mvua, hakuna mvua, ukurasa mzima. Halafu, "Imenyesha, ashukuriwe Mungu. Mama bado anaomba maji." Niliteremka na kidole. "Ukungu. Mama haoni uzi kwenye sindano." "Mawe kidogo. Sisimizi wamejaa tena nyuma ya nyumba ya mama, anapojisaidia. Nimemwambia mtoto amwage majivu."

Mtoto ni mimi. Ikanirudia yote. Miguu ya nyanya ilikuwa haifiki chooni, alikuwa anajisaidia hapo nyuma, na kila asubuhi ile ardhi ilikuwa nyeusi kwa sisimizi. Kazi yangu kabla ya shule ilikuwa kuwafagia na kumwaga majivu. Nilikuwa nawatukana. Hawakuwahi kuja nyuma ya choo chetu, wala kwa jirani, walifuata utamu wa mkojo wake yeye tu, na sisi wote tulipita hapo tukaona uchafu wa kufagia.

Mstari wa chini yake ndio ulionimaliza. "Mvua nzuri. Mama amekonda, hana nguvu. Nimenunua sukari. Apewe chai tamu kila saa."

Nani alikuwa anapeleka hiyo chai? Nilikuwa nakibeba kile kikombe kwa mikono miwili nisimwage, yeye anakunywa kwa haraka, halafu ananiachia ile sukari isiyoyeyuka chini kwa sababu nilikuwa mjukuu wake niliyepewa jina lake. Baba alifungua mkebe wa wageni kwa ajili ya mama yake. Hakuwa na njia kubwa zaidi ya kusema anampenda. Na safu ya maelezo haikuwahi kukaguliwa na mtu.

Nilimpigia binti yangu nikiwa bado nimechuchumaa hapo. "Mwambie daktari ndiyo. Nyanya yangu. Mwambie alikuwa nayo, na haikutibiwa hata siku moja."

"Sawa, Mama. Na wewe?"

Nikaangalia chupa ya pili ya maji, tupu, kwenye mkoba wangu. Nikaangalia bangili yangu, ambayo siku hizi inateleza mpaka kwenye kiwiko na mimi nawaambia watu ni kazi nyingi. Mtoto akangoja. Amerithi kungoja kwa baba. "Kesho naenda kupimwa," nikamwambia, na nilikuwa naogopa, sikufichi.

Nilipotoka nje mke wa ndugu yangu alikuwa ameniletea chai kwenye kikombe kikubwa, amekishika kwa mikono miwili. "Kunywa, dada, uache kulia. Nimeweka sukari mingi. Umekonda sana."

Kama angenitukana ingekuwa rahisi. Nilimshika mkono nikamwambia siwezi, na kwa nini siwezi. Akasimama akiangalia kile kikombe kana kwamba kimemsaliti, maskini, kisha akazunguka nyuma ya nyumba akaimwaga chai chini, karibu na pale nyumba ya nyanya ilipokuwa. Sasa ni nyasi tu za ng'ombe. Hakuna nyumba, hakuna mkebe uwanjani, hakuna rula. Kesho asubuhi sisimizi watakuwa wamejaa hapo, na hakuna mtu wa kuandika.