Siku Niliyomwokoa Kaka

Juzi niliona vijana uwanjani Al Thumama wamekumbatiana duara, vichwa chini, nikanusa tena zile nyasi zilizomwagiliwa maji juani.

Nilipokuwa mdogo, Kaka Ouma alichezea timu ya kwanza ya futiboli ya Kimarekani, ile ya kukimbia na mpira mikononi na kuangushana, chuoni kwao hapa Doha. Msimu mzima hawakuwa wameshinda hata mara moja, na ile ilikuwa mechi ya mwisho. Sasa najua kwamba wakikumbatiana walipanga mbinu. Siku ile nilidhani wanasali, na kwetu watu walisali hivyo kwa mgonjwa anayekata roho tu. Kisha majitu makubwa kama friji yakamwangukia Kaka, ardhi ikatetemeka hadi mtaa wa Abu Hamour.

Kaka na wenzake wakasali tena. Kaka akachomoka na mpira, hatua tano tu kutoka mstari wa ushindi, majitu mia yakimfukuza. Nikavamia uwanja, nikang'ang'ania mguu wake.

“Msimuue! Mama anamngoja!”

“Wee Achi, niachilie! Niachilie, jamani!”

Akaanguka, mpira ukamtoka, filimbi ya mwisho ikalia. Walikuwa wameshindwa tena. Kaka alilala kifudifudi akilia kwa kwikwi, nami nikapiga makofi kwa furaha, maana maiti halii.