Kufuli Chini ya Pikapu ya Fahmo

Fahmo Abdighani aliitwa mwizi wa gurudumu ambalo hakuwahi kuruhusiwa kulitazama. Aliitwa hivyo kwa maandishi, katika barua yenye nembo ya shirika na mhuri wa zambarau, tarehe 20 Machi 2023, baada ya miaka kumi na miwili ya kuendesha magari ya shirika hilohilo bila kugonga hata mbuzi. Barua ilimtuhumu kwa “kuvunja kufuli ya mali ya shirika na kubadilisha gurudumu la akiba kwa manufaa yake binafsi.” Ilitiwa saini na watu watatu, na katika hao watatu hapakuwa na hata mmoja aliyejua jeki hukaa upande gani wa gari.

Fahmo alijua. Alizaliwa Isiolo katika ukoo ulioletwa huko na babu wa babu yake, askari aliyekwisha kupigana vita vya watu wengine na kuachwa katika nchi kavu ajitafutie. Ukoo ulijitafutia kwa malori. Baba yake, mzee Abdighani, alipeleka sukari na unga Sericho na kurudi na ngozi, na binti yake alipotimiza miaka kumi na minne alimvika ovaroli iliyomfika kifuani na kumfundisha kubadilisha gurudumu. Kwanza mawe nyuma ya magurudumu yaliyobaki. Kisha kulegeza nati gari likiwa bado limekanyaga chini, kwa sababu likishainuliwa gurudumu huzunguka na spana huruka ikakuvunja mkono. Kisha ubao chini ya jeki, ili isizame mchangani. Mzee alimrudisha mwanzo kila alipokosea, na hakuwahi kumwambia kwamba hiyo ni kazi ya wanaume.

Hilo aliambiwa baadaye, na watu wenye vyeti. Siku ya kwanza alipoingia katika uwanja wa shirika kama dereva, mjane wa miaka thelathini na minne mwenye mtoto mmoja, Ahmednur, walinzi waliuliza kama amekuja kuuza chai. Alifungua boneti, akaanza kazi. Shirika lilikuwa dogo. Lilitengeneza pampu za visima katika vituo vya mashariki, na lilikuwa na pikapu nne nyeupe. Ya Fahmo ndiyo iliyokwenda mbali kuliko zote.

Masaibu yake yalianza siku Bwana Jeremy Mawira alipofanywa ofisa wa usafiri. Mawira alikuwa kijana nadhifu, mwenye viatu vilivyochongoka na sauti ya upole isiyopanda wala kushuka. Katika mwezi wake wa pili alitangaza kwamba magurudumu ya akiba yanaibwa na madereva. Hakuonyesha ushahidi, na hakuna aliyemwomba. Alimwita fundi wa kuchomelea, na chini ya kila pikapu, pale spea inaponing’inia tumboni mwa gari, pakafungwa mnyororo na kufuli. Juu ya hayo, kila spea ikavishwa mfuko wa turubai ulioshonwa ukafungwa kabisa, mnyororo pekee ukitokeza nje, ati kuikinga na vumbi. Funguo nne alizitia katika droo ya meza yake.

“Sasa tukipata pancha njiani?” Fahmo aliuliza.

“Mtapiga simu, mama. Kuna utaratibu.”

“Utaratibu uko na mikono ya kufungua nati?”

Madereva wenzake walicheka, naye Mawira akatabasamu kama mtu anayeandika jina kichwani. Tangu siku hiyo, kila alipoomba mfuko ufunguliwe ili aikague spea kabla ya safari, Fahmo alijibiwa kwamba ukaguzi umekwisha kufanywa. Akabaki kulala chali mchangani kila mwisho wa mwezi na kuubonyeza mfuko kwa kiganja. Ulikuwa mgumu, kumaanisha kwamba tairi lilikuwa na upepo. Alijiambia kwamba hilo latosha. Baadaye alilikumbuka hilo kwa uchungu kuliko barua yenyewe: kwamba yeye, binti wa mzee Abdighani, aliridhika kupapasa turubai.

Jumatatu ya tarehe 6 Machi alitoka Isiolo alfajiri akiwa na Aule, fundi wa pampu kutoka Ngaremara, mtu mrefu asiyeishiwa maneno. Nyuma walibeba mota ya kisima. Ulikuwa mwaka wa ukame mbaya. Kisima walichokuwa wakiendea, karibu na Sericho, kilikuwa kimenyamaza siku tano, na ng’ombe walikwisha kuanza kuanguka mbele ya birika tupu. Walipita Garba Tulla salama. Mwendo wa saa nzima mbele, jiwe lililochongoka lilipasua ubavu wa tairi la nyuma, upande wa kushoto.

Fahmo alifanya kila kitu kama alivyofundishwa. Aliweka mawe, akalegeza nati, akaweka ubao, akapiga jeki hadi gurudumu likaning’inia. Kisha akatambaa chini ya gari na kukutana na kufuli la Mawira, kubwa kama ngumi.

Aule alipanda juu ya kabini, akainua simu mbinguni hadi mtandao ukapatikana, akamteremshia. Fahmo alieleza kwa ufupi. Upande wa pili palisikika kijiko kikikoroga kikombe.

“Usiguse kufuli, mama. Hiyo ni mali ya shirika. Mtulie hapo, nitatuma mtu na ufunguo Alhamisi.”

“Bwana Mawira, leo ni Jumatatu.”

“Ratiba ya magari ndiyo hiyo.”

“Kuna mifugo inakufa kwa kisima.”

“Ndiyo maana tunahitaji nidhamu,” alisema Mawira, na simu ikakatika.

Fahmo alimrudishia Aule simu. Alikaa kivulini mwa pikapu na kunywa maji mafunda mawili.

Katika barabara ile hakuna gari linalopita gari lililosimama. Hakuna aliyeiandika sheria hiyo, na hakuna anayeivunja, maana anayeivunja leo atasimama kesho na kutazama vumbi la wenzake likimpita. Aliyesimama huulizwa jambo la kwanza kuhusu maji, la pili kuhusu vifaa, na jina lake huulizwa mwisho. Saa sita na nusu lori la mbuzi lilitokea, likapunguza mwendo, likazima injini. Dereva alichungulia dirishani. Alikuwa mzee wa ndevu zilizotiwa hina, aliyeitwa Adan.

“Salaam aleikum, dada. Maji iko?”

“Aleikum salaam. Maji iko. Jeki iko, spana iko, spea iko.”

“Sasa umesimamia nini?”

“Ufunguo uko Isiolo.”

“Ufunguo ya gari?”

“Ya spea.”

Adan alishuka, akapiga magoti, akatazama chini ya pikapu. Alipoinuka alikuwa akicheka hadi akashika tumbo. “Wallahi! Ngamia nimeona amefungwa mguu asitoroke. Hii spea nayo ilikuwa inaenda wapi?”

“Ilitaka kuhamia Nairobi,” alisema Aule. “Boss akaishika njiani.”

“Na huyo boss, yeye mwenyewe hajafungwa?”

Hata Fahmo alicheka. Kisha akamwomba Adan msumeno wa chuma. Adan aliacha kucheka na kumtazama vizuri.

“Dada, umeambiwa usikate?”

“Nimeambiwa.”

“Watakufukuza.”

“Watanifukuza nikiwa nimefika.”

Walikata kwa zamu karibu nusu saa, wakibadilishana msumeno na kukidondoshea maji chuma kilichopata moto. Kufuli lilipoanguka, Fahmo alilifuta vumbi na kulitia katika mfuko wa mlango wa gari, kwa sababu hakuwa na nia ya kumficha mtu yeyote. Alizungusha mtaimbo wa kuteremshia spea hadi ikatua mchangani. Wakaivuta nje, wakakata mishono ya turubai kwa kisu.

Harufu ya rangi ya viatu ndiyo iliyotangulia kutoka. Tairi lilikuwa kipara, limepakwa weusi likang’aa kama la dukani, na ubavuni lilikuwa na kiraka cha ukubwa wa mkono. Lakini Fahmo hakuwa akitazama tairi. Alitazama rimu, akatazama gari lililoinuliwa pale pembeni, akatazama tena rimu. Aule alihesabu kwa kidole, na alipomaliza akahesabu upya akianzia upande mwingine.

“Mama Ahmednur,” alisema polepole, “hapa kuna matundu sita.”

Pikapu ya Fahmo, kama pikapu zote nne za shirika, ilikuwa na bolti tano.

Hata uwe na jeki ya dhahabu, rimu ya matundu sita haikai kwenye bolti tano, wala tairi lake, lililo dogo zaidi, haliingii kwenye rimu ya pikapu. Mtu alikuwa ameichukua spea mpya, akanunua takataka ya gari lingine kuukuu, akaipaka rangi, akaishonea turubai na kuifunga kwa mnyororo, kisha akawaita madereva wezi. Tena alijua magari hayo yanaendeshwa wapi. Fahmo aliitemea mate rimu ile. Hakuwa ametema mate mbele ya wanaume tangu utoto wake.

Adan hakuuliza zaidi. Alileta vyuma vyake vya kufungulia matairi, wakaling’oa tairi lililochanika, wakalishona ubavu kwa waya na kipande cha ngozi, wakatia ndani yake mpira wa zamani uliotoka chini ya kiti cha lori, wakalijaza upepo kwa pampu ya mguu. Kwa mwendo wa kuchechemea walifika kisimani jua likitua. Aule alifunga mota usiku huohuo. Adan hakupokea chochote, na kumshurutisha kungekuwa kumtusi.

Fahmo aliporudi Isiolo aliandika taarifa ya kurasa mbili, akakabidhi kufuli, mnyororo, turubai na gurudumu. Alidhani mambo yatakuwa hivi: mtu mwaminifu ameonyesha wizi, na wizi utachunguzwa. Elimu yake ya barabara haikuwa imemwandaa kwa ofisi.

Aliitwa mbele ya kamati asubuhi ya tarehe 20. Kwenye ukumbi mdogo Kananu, karani wa ofisi, alimshika mkono na kumnong’oneza bila kumtazama usoni: “Mama, barua yako nilichapa Ijumaa.”

“Kabla sijasikilizwa?”

“Nisamehe.”

Ndani waliketi mkurugenzi, mwakilishi wa wafanyakazi na Mawira mwenyewe, mtuhumiwa halisi akiwa hakimu. Kulikuwa na chai ya maziwa na andazi. Gurudumu liliachwa chini uwanjani, juani.

“Uliambiwa usiguse kufuli?” aliuliza mkurugenzi.

“Niliambiwa. Lakini nawaomba mteremke mlitazame gurudumu.”

“Tumeletewa picha.”

“Picha haina kutu. Mnyororo ulipitishwa katika tundu moja la rimu. Umeing’ata ukaacha alama ya kutu, na alama hiyo haiji kwa siku moja. Gurudumu hilo limekaa pale miezi.”

“Au ulilibadilisha huko porini,” alisema Mawira kwa ule upole wake. “Uliandamana na mwenye lori. Labda alikuwa mnunuzi.”

“Kama nilikuwa na spea nzuri mkononi, kwa nini nilikwenda Sericho na tairi lililoshonwa kama kiatu?”

Mkurugenzi alikoroga chai. “Hilo ni swali lako, mama, si letu.”

Fahmo alitoka bila kuomba ruhusa. Walidhani ameshindwa. Dakika chache baadaye walisikia mdundo kwenye ngazi, ngazi moja baada ya nyingine, kisha mlango ukafunguka na gurudumu likaingia likiviringishwa na mwanamke wa miaka arobaini na sita aliyelowa jasho, buibui lake limepinda begani. Alililaza katikati ya zulia na kuweka mnyororo juu yake. Kila pete ya mnyororo ilikaa katika jeraha lake la kutu.

“Zulia, mama!” alilia mwakilishi wa wafanyakazi. Hayo ndiyo maneno pekee aliyoyatamka siku hiyo kuhusu mfanyakazi aliyepaswa kumwakilisha.

“Kuna pikapu nyingine tatu hapo chini,” alisema Fahmo. “Mifuko yake haijakatwa. Ikateni sasa hivi. Mkikuta matundu matano katika yote mitatu, nitakubali kuitwa mwizi na nitatoka kwa miguu yangu.”

Mkurugenzi alimtazama Mawira. Mawira alitazama saa. “Hatuwezi kuharibu mali zaidi,” alisema, na mkurugenzi akasema kwamba hoja imepokelewa, kisha akamsukumia barua iliyochapwa Ijumaa.

Hakufukuzwa. Walimfanyia lililo baya zaidi: walimnyang’anya usukani na kumkalisha langoni kuandika namba za magari ya wageni. Kwa mwaka mmoja na nusu aliwafungulia lango vijana wasiojua kuweka ubao chini ya jeki. Sokoni wapo waliomwonea huruma, na wapo walioshika pochi zao alipokaribia. Ahmednur, aliyekuwa chuoni Meru, alimsihi aache kazi. Alikataa. Alisema kwamba akiondoka, barua itakuwa ndiyo historia yake yote mle ndani. Mawira alihamishiwa ofisi kubwa zaidi Januari iliyofuata, akachinjiwa mbuzi na kusifiwa kwa kulinda mali. Fahmo alifungua lango gari lake lipite, kisha akaingia msalani akanawa mikono kwa sabuni hadi viwiko.

Wafadhili walipomtuma mkaguzi kutoka Nairobi, Kananu ndiye aliyempeleka moja kwa moja langoni na kumwambia, “Anza na huyu mama.” Fahmo alimwambia maneno yaleyale aliyoiambia kamati, na mkaguzi akaomba kisu. Tarehe 11 Septemba 2024 mifuko mitatu iliyosalia ilikatwa mbele ya wafanyakazi wote: miwili ilikuwa na rimu za matundu sita, wa tatu ulikuwa na tairi tupu lililojazwa magunia, na kabla ya saa kumi jioni barua iliyomwita mwizi ilikuwa imeondolewa katika faili la Fahmo Abdighani.