Kokwa ya Mke wa Mwanangu

Tuliokuwemo chumbani siku ile ni hawa: mimi, wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu na mwenye nyumba ile; mke wa mwanangu, aliyekaa ubavuni pangu; binti wawili wa shemeji yangu, na wake wengine walioolewa katika ukoo wetu. Baadhi yao ni wazaliwa wa ukoo wa pili, jirani zetu tangu zama. Majina yao yote nnayo, na ya mama zao, lakini siyaandiki, maana bado twaonana mazikoni na harusini. Wanaume walikuwa ng'ambo ya uwa, kwenye sabla, ukumbi wao wa kukaa na kunywa kahawa. Mwanangu alikuwa huko.

Tulikuwa tumekwenda Qurayyat, kwenye asili yetu, ingawa wengi twaishi mjini. Huku kwetu hakuna vyama vya siasa. Uchaguzi wa baraza ukikaribia, kila ukoo hukaa peke yake kwanza ukachagua mtu mmoja wa kumsimamisha, kura zisitawanyike. Kwetu walitaka watu wawili. Mmoja mwanangu, ambaye hata watu wa koo nyingine walikuwa wakimwita kuwasuluhisha. Wa pili binamu wa marehemu, mwenye maduka Hamriya huko mjini, mtu wa sauti kubwa, na nje ya ukoo hapendwi. Ukoo wa pili walikwisha kumsimamisha mtu wao, na mtu huyo ni kaka wa mke wa mwanangu, baba mmoja mama mmoja.

Wazee wakapitisha kuwa wanawake nao wachague, na mke aliyeolewa kwetu ni wetu. Mmoja alisema wakituacha nje watabaki na kura za ndevu tupu. Tulicheka sana. Nani angefikiri ubaya?

Wifi yangu ndiye aliyefikiri, na alikuwa kachelewa. Tulipokuwa jikoni tukipakua halua alininong'oneza kuwa kasikia wale wake wa upande wa pili wamepelekewa salamu na kaka zao. Wamchague mwenye maduka. Si kwa kumpenda. Wanataka tumtoe yeye ili mtu wao apate kumwangusha. Mimi sikusoma sana, lakini hilo nililielewa upesi. Ni kama mtu kuingia zizini kwako akakuchagulia ng'ombe wa kupigana, akamwacha dume akamtoa mgonjwa, kisha kesho akaja na dume lake.

Nikamuuliza wifi tufanye nini. Akasema, "Tutawafukuza wake za watoto wetu? Kwa neno la kusikia?" Tukabeba sinia tukaingia.

Ilikuwa hivi. Kila mtu ale tende yake na kahawa, abaki na kokwa mkononi. Mabakuli mawili yakawekwa chini ya kanga: la karibu la mwenye maduka, la mbele yake la mwanangu. Unapitisha mkono chini ya kanga, unaacha kokwa, unaondoka. Siri yako na Mola wako. Ila wifi yangu, kwa haraka, alichukua mabakuli yaliyokuwa karibu, na moja lilikuwa la shaba, la pili la kauri. La mwenye maduka ndilo la shaba.

Kokwa ya kwanza ilipoanguka, sote tuliisikia. Shaba inalia. Kauri inasema tuk, basi. Hakuna aliyethubutu kusema tubadilishe, maana kusema ni kukiri kuwa unasikiliza. Mke wa mwanangu alikuwa wa mapema, mabakuli bado hayajajaa. Alipitisha mkono, bangili zake mkononi, na mimi nikasikia shaba.

Mwanangu hakupita. Kwenye sabla kura za wanaume zilikaribiana, kokwa za wanawake zikampa ushindi mwenye maduka. Siku ya uchaguzi wenyewe watu walipiga kura kwa simu zao, na jioni ikatangazwa: kaka wa mke wa mwanangu kashinda, wetu kaachwa mbali.

Siku chache baadae, wakati wa chakula cha mchana, mwanangu hakugusa wali. Akaniuliza mbele ya mkewe, "Mama, wewe ulikaa ubavuni pake. Kokwa yake ililia wapi?"

Nilimjibu nilichosikia. "Nilisikia shaba, mwanangu."

Mkewe alikuwa kashika bakuli la mchuzi. Akaliweka chini pole pole.

"Shaba kwa kokwa au shaba kwa bangili, Mama? Nilipita juu ya lile la karibu ndipo nilifikie la mume wangu. Kumbuka vizuri."

Nikataka kukumbuka. Mwanangu alisema kaka mtu keshakaa barazani, na yeye anahadithiwa bangili. Mkewe akamwambia kaka yake anampenda, hilo halifichi, lakini yeye kamzalia mumewe watoto. Alasiri watu wa kwao walikuja kumchukua. Yuko Qurayyat kwao, na yule mtoto wao mdogo, mpaka leo.

Wifi yangu alikuja kumwambia mwanangu kuwa kwenye shaba kokwa zilizidi sana, hata ukiitoa hiyo moja angeshindwa vile vile. Mwanangu akamjibu, "Shangazi, sikuulizi hesabu."

Lile bakuli niliomba nikaletewa mjini. Nimelijaribu jikoni, nikiwa peke yangu. Kokwa inalia kavu, inakatika. Bangili inavuta sauti kidogo. Sasa nnazijua sauti zote mbili, lakini ile ya siku ile kila nikiitafuta yaja mara kavu, mara ndefu. Mimi, ambaye nnakumbuka nani alikaa wapi na alivaa nini.

Kwa hivyo nyinyi mliokuwemo chumba kile, nanyi mnajijua, mkisoma haya au mkisomewa, nirekebisheni. Kama aliyekaa upande wake wa pili alisikia kauri baada ya ile shaba, tuk moja tu, na anijie aniambie, au amwambie mwanangu mwenyewe. Sitaona haya kuambiwa nimekosea. Nnaomba iwe nimekosea.