Vidonge vya Dada Mtu

Pindo alikuwa fundi cherehani, na jina hilo alibandikwa na wateja kwa vile hakuna aliyemfikia kwa kukunja pindo. Alipofiwa na mume alihamia kwa dada yake, mwalimu mstaafu: chumba kimoja, vitanda viwili, na ubishi usiokwisha juu ya dirisha, huyu anataka lifungwe, yule lifunguliwe.

Hospitali ilipotafuta wanawake waliokoma hedhi wa kujaribia dawa ya mifupa, walikwenda wote wawili. Daktari hakuwaficha kitu. "Mama zangu, wengine watapata dawa yenyewe, wengine kidonge kitupu kinachofanana nayo. Nani kapata nini, hata mimi sijui. Ndivyo tutakavyojua kama dawa inafaa na haina madhara."

Basi haukupita muda tangu waanze kumeza vidonge, Pindo akashikwa na kiungulia. Weee, alivyofurahi! Kwake yeye dawa isiyochoma si dawa. Dada mtu hana hili wala lile, anakula na kukoroma. Pindo akakata shauri: yangu ndiyo ya kweli, yake unga mtupu. Na mwenye mifupa mibovu ni nani? Si dada, aliyevunjika mkono kwa kusukuma tu dirisha lile lile?

Tangu hapo, kila walipopewa vichupa vipya, alingoja dada aingie kuoga, akabadilisha vidonge. Vyake kwa dada, vya dada kwake. Muuguzi akimwuliza kama kuna kinachomsumbua, anajibu, "Mzima kabisa," asije akaondolewa.

Kisha dada akateleza bafuni. Nyonga ikavunjika, na hakusimama tena. Pindo alilia sana, lakini akajiliwaza kwamba angalau dawa alimpa.

Utafiti ulipokwisha, daktari akamwita. "Wewe ulipangiwa vidonge vitupu. Dada yako ndiye aliyepata dawa. Inasikitisha haikumsaidia, na inabidi tuandike hivyo."

"Usiandike," Pindo akasema, akasimulia yote huku machozi yanamtoka. Daktari aliweka kalamu chini. Hakumkaripia, na Pindo aliona heri angemkaripia.

Nyumbani dada alikuwa anamsubiri, kachangamka. "Enhe, fundi! Nani alikuwa anabugia unga?"

"Wewe, dada. Kwa mkono wangu." Akamweleza kiungulia, vichupa, kila kitu. "Nilidhani nakupa ile nzuri. Nisamehe, dada yangu."

Dada akamtazama. Utani ulikuwa umemwisha usoni. Akasema, "Nigeuze."

"Unaumia?"

"Nigeuze nitazame ukutani."

Hapakuwa na mwingine wa kumgeuza. Pindo akapitisha mikono chini ya nyonga ile, taratibu, kama alivyofundishwa hospitali, akamgeuza.