Kisiwa Tulichokifyekea Ndege

Aibu hii siisimulii mbele ya wageni, lakini ninyi tumekula chumvi pamoja, basi nitasema. Nilikuwa katibu wa kijiji chetu cha ujamaa kule bondeni, kando ya Ziwa Rukwa (kijana, suruali imenyooka kwa pasi, kalamu mfukoni hata siku za kulima), na siku moja tarishi akateremka kutoka Sumbawanga, akatukuta mkutanoni, akasema kile kisiwa kidogo pale mto unapoingia ziwani kimetengwa kwa ajili ya ndege na afisa atakuja kukiona, akanywa maji, akaondoka.

Mzee Kasiano, mvuvi, akaniuliza, "Ndege gani, mwanangu?"

Sikujua. Ningeweza kumkimbilia tarishi, bado alikuwa akisukuma baiskeli mchangani, lakini mkutano mzima ulikuwa unanitazama, na katibu asiyejua ni katibu gani, nikasema, "Za kupulizia nzige, mzee. Panatakiwa uwanja."

"Na hawa mwari wanaotaga humo?"

"Watahama."

Basi tukavuka kwa mitumbwi na mapanga na majembe, kazi ya kujitolea, tukafyeka matete, tukakata miti, tukasawazisha (mimi ndiye niliyekuwa naongoza nyimbo), na mwari wakawa wanazunguka juu yetu bila kutua, na Mama Odilia, mke wa Kasiano, akaacha jembe akaanza kuokota makinda akiyatia ndani ya kanga yake. Sikumkataza. Sikumsaidia pia.

Afisa tulimpokea kwa ngoma. Akakitazama kisiwa kilivyo kitupu, akauliza taratibu, "Ndugu Katibu, ndege wako wapi?"

Nikaonyesha juu. "Bado hazijafika, ndugu. Ila uwanja uko tayari."

Ngoma ikanyamaza. Hakuna aliyecheka, na ningeshukuru kama wangecheka. Afisa akakaa juu ya kisiki, akavua kofia.

"Ndege wenye manyoya, Katibu," akasema. "Tulitaka kuwalinda."

Mama Odilia alikuwa kando ya mumewe. Makinda yote yalikuwa yamekwisha kumfia mikononi.

Matete yaliota tena baada ya mvua, kibao kikasimikwa, na nasikia mwari nao walirudi, wachache. Mimi nilikuwa nimekwisha kuhamia mjini, Majengo. Siku hizi mke wangu akinituma mafuta dukani namuuliza, ya kula au ya taa, hata kama ameshika kikaango mkononi, naye huniangalia kwa huruma, nami nasimama palepale mlangoni mpaka anijibu.