Jodari wa Meza Kuu

Siku yangu ya kwanza kazini sikuingia ofisini. Mkuu wangu, Afisa wa Afya wa tarafa ya Malindi, alinikuta mlangoni, akavitazama viatu vyangu vipya na kusema, "Viage hivyo, mwanangu," kisha akatangulia kwenda soko la samaki. Alikuwa mwenyeji wa mji wa kale, mtu wa kofia ya kutarizwa na maneno ya pole. Tuliposimama mbele ya meza za wauzaji alitaka nimwonyeshe makosa. Nikaanza mbio: huyu nguo chafu, yule kisu kina kutu.

"Hayo hata asiyesoma huyaona," alisema. "Wewe uliza: hiki chakula kilikaa wapi, katika joto gani, kwa muda gani?"

Watu walituita mabwana afya. Mimi, kwa kuwa mwanamke, niliwababaisha kidogo, mwishowe wakakubaliana kuniita Bi Afya. Tulikagua nyama machinjioni na kuipiga muhuri, tulipima maji ya visima, tuliingia jikoni mwa mikahawa bila kubisha hodi. Mkuu alinifundisha kwamba chakula humdhuru mtu kwa njia mbili kubwa. Mara nyingine vijidudu huingia tumboni na kuzaana humo. Huyo ataugua kwa kuchelewa, pengine kesho yake. Mara nyingine vijidudu vimekwisha kufanya kazi yao ndani ya chakula na kuacha sumu. Huyo ataugua kabla sahani hazijaoshwa. Kwa hiyo swali la kwanza kwa mgonjwa halikuwa "umekula nini?" bali "ulianza kuumwa lini?"

Katikati ya miaka ya themanini, mkuu akiwa mkutanoni Kilifi, mtu alifika ofisini kwa baiskeli akihema. Katika kijiji cha Ganda kulikuwa na harambee ya kujenga darasa, na wageni, alisema, walikuwa wametiliwa sumu. Nilimchukua muuguzi wa zahanati pamoja na vidonge vyake, tukaingia garini.

Chini ya turubai tulikuta jambo la ajabu. Umati mzima ulikuwa salama, watoto wanacheza. Waliougua ni meza kuu tu: mgeni rasmi kutoka wilayani, wanakamati, na chifu mwenyewe. Macho mekundu, masikio yanawaka, vichwa vinagonga, mioyo inakwenda mbio, na wote wanajikuna kama waliopita kwenye upupu.

"Bi Afya, fungua macho!" chifu alinguruma, mkono mmoja ndani ya kola ya kaki. "Kijiji kizima kimekula. Nani anajikuna? Wakubwa peke yao! Kama hiyo si sumu ni nini? Mpishi nimemwekea askari. Gari la polisi likija, anaondoka nalo."

Mpishi alikuwa Mama Kadzo, mjane aliyelea watoto wake kwa kupika katika harusi na matanga ya Ganda yote. Nikamwacha muuguzi awalaze wagonjwa kivulini na kuwapa vidonge vya mzio, nikaenda jikoni. Alikuwa ameketi juu ya mbuzi ya kukunia nazi, mikono ameifumbata. Askari wa chifu amesimama mlangoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Na wewe umekuja kunifunga?"

"Nimekuja kuuliza."

"Uliza. Lakini nikwambie mapema: mimi nikitaka kumwua chifu, nitamharibu jodari mzuri namna ile wa meza kuu? Mchicha ungetosha."

Askari alicheka, kisha akajikuna shingo. Nikamtazama masikio. Yalikuwa yanawaka.

"Afande, nawe ulikaa meza kuu?"

"Mimi? Mimi ni mtu wa maharagwe tu, kama umati."

"Na maharagwe ndiyo yanayokuwasha?"

Akainamisha kichwa. Mama Kadzo alipiga makofi. "Ala! Namtukana paka mchana kutwa, kumbe paka wangu anavaa buti!"

Ikabidi aseme. Alikuwa ameopoa kipande kikaangoni, kabla sahani hazijapakuliwa. "Na hata sikukifaidi," alilalamika. "Pilipili ilinikata ulimi."

"Pilipili gani?" Mama Kadzo aliinuka. "Sikutia hata punje! Mgeni rasmi ana vidonda vya tumbo, chifu mwenyewe alinionya."

Hapo nikaanza kupata nuru. Askari alikula kabla ya sahani, kwa hiyo hakuna aliyewatilia wakubwa chochote mezani. Kilichowadhuru kilikuwa ndani ya samaki. Na samaki wa jamii ya jodari anayewasha ulimi bila pilipili ana jambo lake. Mwili wake ukikaa kwenye joto, vijidudu hutengeneza humo sumu iitwayo histamini. Anaweza asinuke, asibadilike rangi, nawe umkaange mpaka akauke. Moto utaviua vijidudu, lakini sumu itabaki. Anayekula huwashwa na kuumwa kichwa kabla hajanawa mikono.

"Jodari alifika lini, mama?"

"Asubuhi, kwa baiskeli, umande haujakauka. Macho yanameta."

"Ukamkaanga lini?"

"Mgeni rasmi alipofika." Na mgeni rasmi, kama ilivyokuwa desturi ya wageni rasmi, alitarajiwa asubuhi akafika alasiri. Muda wote huo samaki alikuwa kwenye beseni, amefunikwa majani ya mgomba, hatua chache kutoka mafigani.

"Mbona hukumkaanga mapema?"

"Nilitaka! Chifu akakataa. Mgeni mkubwa, akasema, halishwi samaki aliyepoa. Akaangwe mgeni akishaketi, ayasikie mafuta yakilia."

Nilirudi kivulini, nikachutama karibu na chifu na kusema kwa sauti ya chini, "Mzee, sumu ipo, ila hakuna aliyeitia." Nikamweleza yote, pole pole, kama nilivyoelezwa mimi.

"Hata moto haukuishinda?"

"Moto huua vijidudu, mzee. Vilichokwisha kukitengeneza hakisikii moto."

Alijikuna kwa muda. "Na aliyesema asikaangwe ni nani?"

"Heshima ya mgeni ndiyo iliyosema, mzee."

Alinitazama mpaka nikaogopa. Kisha akaangua kicheko, akainuka na kuwaelekea watu. "Mama Kadzo hana kosa! Samaki alingojeshwa mno, na aliyemngojesha ni mimi."

"Na aliyechelewa ni mimi," mgeni rasmi alisema, bado amelala chali.

Watu walicheka. Mama Kadzo, aliyekuwa ametoka jikoni, hakucheka. "Maneno matamu, chifu. Lakini kesho nani atakula tena mkononi mwangu?"

Chifu alivaa kofia yake. "Maharagwe yamebaki?"

"Yamo."

"Nipakulie."

Akala mbele ya umati mzima, kijiko mkono wa kulia, mkono wa kushoto ukiendelea kujikuna. Mgeni rasmi akaomba sahani yake. Gari la polisi lilipofika, nalo likapakuliwa maharagwe.

Baadaye nilihamishiwa Kaloleni, kisha makao makuu ya wilaya Kilifi, na kila nilipokwenda niliwafundisha wapishi jambo lile lile: samaki akishafika, atumbuliwe na awekwe kwenye barafu. Kama barafu hakuna, akaangwe mara moja, aliwe angali wa moto, na wasiofika wawekewe maharagwe. Wapishi walielewa haraka. Waandaaji wa sherehe ndio walionipa kazi.

Ninyi mnaoianza kazi hii sasa mna vipimo ambavyo sisi hatukuwa navyo, nami nafurahi sana kwa ajili yenu. Vitumieni. Ila mkifika penye wagonjwa, mkishawahudumia, ingieni jikoni mapema. Humo kuna mtu ameketi akingoja kuambiwa kwamba ameua. Mpeni heshima ya kuulizwa kabla hajalaumiwa, naye atawaambia mengi.

Nilipostaafu, wenzangu waliniandalia karamu, nami nikachagua mpishi mwenyewe. Mama Kadzo alikuja kutoka Ganda na jodari ndani ya sanduku la barafu. Mgeni rasmi alichelewa. Mama Kadzo alichungulia barabarani, akaweka kikaango motoni, akatupakulia. Mgeni rasmi alipofika tulimkaribisha kwa heshima zote, tukamwekea maharagwe.